Rafiki Asiye na Haja: Uzushi juu ya Japani katika Vilima vya Gusii

Katika Kisii na Nyamira, na kwa hakika katika Kenya nzima, iko kauli moja juu ya Japani ambayo imerudiwa na wengi hata imepata heshima ya jambo lililothibitishwa, ilhali hakuna aliyepata kuithibitisha. Husema wenye kauli hiyo kwamba katika mataifa makubwa yatujiayo na fedha na wahandisi, Mjapani peke yake ndiye asiyekuwa na haja yoyote kwetu: Mwingereza alikuja kutawala, Mmarekani huja na vita vyake juu ya magaidi, Mchina huja na reli na deni lake, lakini Mjapani huja na mashine imara na mtaalamu mpole mwenye daftari, akafundisha, akainama kwa taadhima, akaenda zake. Kuitia nguvu kauli yao huongeza mambo mawili. La kwanza ni kwamba Japani haina jeshi, kwa kuwa katiba yake ya mwaka 1947 iliikana vita, na asiye na jeshi hana siasa ya usalama ya kumshughulisha jirani, seuze mtu wa mbali. La pili ni kwamba hata ikiwa anayo siasa hiyo, ni siasa ya visiwa na bahari za mashariki ya mbali, ya Taiwan na Korea, isiyoweza kumgusa mkulima wa Nyansiongo au wa Ogembo, ambaye mvua yake na bei ya majani chai yake havitoki Tokyo.

Nakusudia kuipinga kauli hii, si kwa sababu naichukia Japani, ambayo katika mengi imetutendea kwa insafu kuliko wengine, bali kwa sababu kumsifu mtu kwa kutokuwa na haja ni kumpunguzia heshima yeye na kujifumba macho wewe. Nitakalolishikilia ni hili: kwamba Japani ni dola ihesabuyo hatari zake kwa makini ambayo sisi hatujapata kuijaribu, kwamba hesabu hiyo imekwisha kuingia katika vilima vya Gusii, mara ikituneemesha na mara ikituacha mikono mitupu, na kwamba hasara yetu haikutokana na haja ya Mjapani, bali na ukaidi wetu wa kutoitambua haja hiyo na kuitoza thamani yake.

Tuanze na hilo la jeshi, maana ndilo jepesi kuliondoa. Ni kweli kwamba kifungu cha 9 cha katiba ya Japani kinaikana vita kuwa haki ya dola. Lakini tangu mwaka 1954 nchi hiyo ina Vikosi vya Kujihami vya nchi kavu, vya bahari na vya anga, na bajeti yake ya ulinzi ni miongoni mwa zile kubwa duniani. Julai 2014 serikali ya Shinzo Abe iliifasiri upya katiba hiyo ili vikosi viweze, kwa masharti, kumsaidia mshirika aliyeshambuliwa. Na Desemba 2022 serikali ya Fumio Kishida ikatangaza mkakati mpya wa usalama wa taifa, ikiazimia kutumia yeni trilioni 43 kwa ulinzi katika miaka mitano na kujipatia makombora yenye kufika katika ardhi ya adui. Wala vikosi hivyo havikukaa kwao. Tangu Julai 2011 Japani ina kambi ya kijeshi Djibouti, ya kwanza kuisimamisha nje ya nchi yake tangu kushindwa vitani mwaka 1945, na ndege zake hupaa kutoka hapo kuzilinda merikebu katika Ghuba ya Aden. Mwaka 2023 ikaanzisha msaada wa namna mpya, wa zana kwa majeshi ya nchi rafiki, ulio mbali kabisa na ule wa visima na madarasa, na Djibouti imo katika orodha ya waliochaguliwa kuupokea. Asemaye leo kwamba Mjapani hana jeshi anasoma katiba bila kusoma gazeti.

Hoja ya pili, ile ya umbali, ina mizizi mirefu zaidi, nami sina budi kukaa nayo. Mzee wa Kiamokama, wa Masimba au wa nyanda za juu za Nyamira hahitaji kuelezwa pareto ni nini: ua jeupe lenye moyo wa manjano, la kutengenezea dawa ya wadudu, likichumwa moja moja kwa vidole na wanawake na watoto, likaanikwa juu ya mkeka, likageuzwageuzwa na kukimbizwa ndani kila mvua ya alasiri iliponyesha, na Gusii mvua ya alasiri haikosi, kisha likatiwa guniani na kupelekwa kwa chama cha ushirika kupimwa. Kwa nyumba nyingi hiyo ndiyo iliyokuwa fedha ya karo. Wachache, hata hivyo, ndio waliopata kuambiwa kwamba soko la ua hilo lilifunguka kwa vita ya Japani. Kabla ya vita kuu ya pili sehemu kubwa kabisa ya pareto iliyouzwa duniani ilitoka Japani, ambako Eiichiro Ueyama wa Wakayama aliipanda mbegu yake katika miaka ya 1880, na katika nyumba yake ikavumbuliwa ile dawa ya mbu ya mviringo, iwashwayo ncha ikateketea polepole usiku kucha, ambayo mpaka leo haikosekani dukani. Vita ilipotanda, Mjapani aliyageuza mashamba ya maua kuwa ya chakula. Na baada ya Desemba 1941, alipoishambulia Pearl Harbor, Marekani na Uingereza zikajikuta zinakwenda kupigana katika misitu ya mbu na chawa ilhali dawa ya mbu na chawa haipatikani tena kwa muuzaji wake wa zamani, ambaye sasa ni adui. Ndipo macho yakaelekea Kenya, ambako walowezi walikuwa wameanza kulipanda ua hilo mwishoni mwa miaka ya 1920, na kabla vita haijaisha Kenya ilikuwa imekikalia kiti cha Japani. Mgusii hakuonja faida hiyo papo hapo, maana zao hilo lilikuwa la mlowezi. Lakini lilipomfikia mkulima Mwafrika katika miaka ya 1950, vilima vya Kisii, vyenye baridi na mvua, vikawa miongoni mwa mashamba yake makubwa, na Kenya ikaendelea kuwa muuzaji mkuu wa pareto duniani kwa miongo kadhaa.

Wakati huo huo, vijana wa Afrika Mashariki, Wagusii wakiwamo, walichukuliwa kupigana na Wajapani huko Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita mwaka 1944 katika bonde la Kabaw, bonde lenye sifa mbaya ya malaria, mpaka kuuvuka mto Chindwin. Wala si wote waliofika. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliizamisha karibu na visiwa vya Maldivi meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, na watu karibu 1,300 wakafa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Anayesema kwamba siasa ya bahari ya Japani ni habari ya mbali ataje kwanza ni umbali gani autakao, ikiwa ule wa meli iliyong'oa nanga Kilindini haukuwatosha waliokuwa ndani yake.

Sasa tuangalie yaliyofuata baada ya vita, kwa maana hapo ndipo mwenye kuhesabu hatari na mwenye kungoja neema walipoachana njia. Mjapani, aliyelipoteza soko la ua lake kwa vita aliyoianzisha mwenyewe, hakukaa kulililia ua; kampuni ya Sumitomo Chemical iliingia maabara, na mwaka 1953 ikaanza kutengeneza kiwandani dawa ya kuiga ile ya pareto, isiyohitaji shamba, wala mvua, wala mchumaji. Sisi tuliipata bahati ya vita ya watu wengine tukaidhania kuwa ndiyo desturi ya dunia. Hatukujiuliza soko lile lilitujia kwa sababu gani, wala sababu hiyo ikiondoka tutashika nini. Mwanzoni mwa karne hii Bodi ya Pareto ilikaa miezi, kisha miaka, bila kuwalipa wakulima. Wakulima wakaing'oa mimea na kupanda kingine. Na kisiwa cha Tasmania, huko Australia, kikalichukua soko. Mwaka 2003 ufundi wa Sumitomo wa kutengeneza chandarua chenye dawa ukafika Arusha, katika kiwanda cha A to Z, na dawa za jamii hiyo, zilizobuniwa kwa kuliigiza ua la pareto, zikaja kutanda juu ya vitanda vya watoto wa nyumba zile zile ambazo mababu zao walikuwa wangali wakidai fedha za maua. Simlaumu Mjapani kwa hilo hata chembe; vyandarua vimeokoa roho nyingi, na aliyebuni dawa bila ua alitenda kama mwenye akili. Namlaumu mwenye kunihubiria kwamba hesabu ya hatari ya Japani haijapata kukanyaga Gusii, wakati imeingia mara mbili kwa njia ya ua lile lile.

Mfano mwingine ni wa juzi. Kuanzia mwaka 2012 wahandisi wa kijeshi wa Japani walikuwa Juba, Sudan Kusini, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, wakitengeneza barabara. Na Kenya nayo ilikuwa na askari wake katika ujumbe huo huo, ambao mwaka 2016 kamanda wake alikuwa Mkenya, Luteni Jenerali Johnson Mogoa Kimani Ondieki. Julai 2016 mapigano makali yalizuka Juba. Umoja wa Mataifa ukafanya uchunguzi, ukaona kwamba ulinzi wa raia ulikuwa dhaifu, na mwanzoni mwa Novemba Katibu Mkuu Ban Ki-moon akaagiza kamanda aondolewe. Nairobi ikaghadhibika kwa kutoshauriwa, ikaamuru askari wake warudi nyumbani. Miezi michache baadaye ikabadili nia na kukubali kurejea. Huko Tokyo je? Novemba hiyo hiyo serikali ya Abe iliwapa wahandisi wake ruhusa mpya ya kutumia silaha kuwaokoa watumishi wa Umoja wa Mataifa watakaoshambuliwa, na wabunge wakashikilia swali moja: Juba kuna vita au hakuna? Kwa maana ikiwa kuna vita, sheria yao haiwaruhusu kukaa. Wizara ya Ulinzi ikajibu kwamba kumbukumbu za kila siku za kikosi zimekwisha kuharibiwa. Kumbe zipo, na ndani yake askari wenyewe wameandika habari za mapigano. Machi 2017 ikatangazwa kwamba kikosi kitaondoka, kufikia mwisho wa Mei kikawa kimekwisha kurudi kwao, na Julai Waziri wa Ulinzi, Tomomi Inada, akajiuzulu kwa fadhaa ya kumbukumbu hizo.

Sisemi kwamba wakubwa wa Tokyo walikuwa wakweli kuliko wetu, maana waliificha kweli mpaka ikawaponyoka. Nasema kwamba ilikuwapo hesabu ya kudaiwa, ikadaiwa, na mtu akapoteza cheo kwa ajili yake. Nchi mbili zilikuwa katika mji mmoja, mbele ya hatari moja: moja iliamua kwa ghadhabu, ikarudi kwa maridhiano; ya pili ilijadili mwaka mzima juu ya kikosi cha watu mia chache ambao hawakufyatua risasi hata moja. Mwenye kuniambia kwamba taifa hilo la pili halina siasa ya usalama barani Afrika, na anionyeshe lenye nayo.

Watasema tena: hayo ni ya askari, mkulima yuko wapi? Mkulima yuko kwenye kituo cha majani chai, kikapu mgongoni, akingoja karani aitundike mizani. Jani lichumwalo asubuhi Kebirigo au Sanganyi huingia kiwandani, likawa chai, likashuka mpaka mnadani Mombasa, na kutoka hapo sehemu kubwa huvuka bahari kwenda Pakistani, Misri, Uingereza na kwingineko. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka katika Bahari ya Shamu meli ya kubeba magari iitwayo Galaxy Leader, iliyokuwa imekodiwa na kampuni ya Kijapani ya Nippon Yusen. Na katika majuma yaliyofuata makampuni makubwa ya meli yakaikimbia njia hiyo, yakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari zikarefuka na nauli ya makontena ikapanda. Meli ile haikuwa imebeba jani moja la Nyamira. Lakini nauli haiulizi jani limetoka wapi, na mkulima anayeilalamikia bonasi yake aghalabu humlaumu karani, kisha meneja, kisha mkurugenzi aliyemchagua mwenyewe, wala haipandi akilini mwake kwamba sehemu ya bonasi hiyo hupotelea baina ya Yemen na Djibouti, pale pale ambapo ndege za Japani hupita zikitazama chini.

Ndipo inapoeleweka kwa nini Japani, ambayo zaidi ya sehemu 9 katika kila 10 za mafuta yake ghafi hutoka Mashariki ya Kati kwa njia ya bahari, ilikubali mwaka 2007 kutukopesha fedha za kujenga gati mpya ya makontena Mombasa, ambayo awamu yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 2016. Inaeleweka pia kwa nini mwaka huo huo, tarehe 27 Agosti, Shinzo Abe aliichagua Nairobi, katika mkutano wa TICAD, ule wa Japani na nchi za Afrika juu ya maendeleo, wa kwanza kufanywa katika ardhi ya Afrika, kuwa mahali pa kutangazia siasa yake ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki zilizo huru na wazi, zenye kutawaliwa kwa sheria na si kwa mabavu. Hakuhitaji kuitaja China. Kila aliyekuwa ukumbini alijua mabavu ya nani yaliyokusudiwa. Aliongeza kwamba Afrika ipate kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama ifikapo mwaka 2023, kauli iliyopigiwa makofi, na aliyepiga makofi hakukumbuka kwamba Japani yenyewe inakitafuta kiti kama hicho kwa miaka mingi, na kwamba kura 54 za Afrika si zawadi ndogo. Huyo ndiye rafiki asiye na haja. Mwaka 2023 umepita, na kiti hakikupatikana, si chetu wala chake.

Ukiteremka kutoka Nyamira mpaka soko la Sondu utaukuta mto ambao maji yake yalizua kadhia Tokyo. Mkopo wa kwanza wa Japani wa kujenga mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu ulitolewa mwaka 1997, ujenzi ukaanza 1999, na mwaka 2001 na 2002 mradi huo ukawa gumzo katika Bunge la Japani, jina la mwanasiasa mwenye nguvu, Muneo Suzuki, likitajwa, na wabunge wakihoji kwa manufaa ya nani fedha ya mlipa kodi wa Kijapani inamwagwa katika mto wa Afrika. Mkopo wa awamu ya pili ulikawia mpaka mwaka 2004. Leo mtambo upo, unatoa megawati 60, na umeme wake ni umeme. Lakini ni fundisho gani hili, kwamba mbunge wa mji ulio ng'ambo ya bahari mbili aliona wajibu kuuliza habari za mto wa Sondu, ilhali sisi tunaoishi kando yake tungali tukiambizana kwamba Mjapani hana siasa!

Kwa insafu lazima nitaje mradi ambao watetezi wa kauli ninayoipinga huupenda kuliko yote, nao wana haki ya kuupenda. Baina ya mwaka 2006 na 2009 JICA, shirika la misaada la Japani, na Wizara ya Kilimo ya Kenya waliendesha mradi wa wakulima wadogo wa mboga na matunda, ujulikanao kama SHEP, katika wilaya za Bungoma, Trans-Nzoia, Nyandarua na Kisii. Hawakugawa fedha wala mbolea. Waliwapeleka wakulima sokoni na daftari, wakawafundisha kumwuliza mchuuzi anataka aina gani, kwa wingi gani, na mwezi gani bei hupanda, kisha warudi wapande kwa kadiri ya majibu. Wakawafundisha na kujaza udongo katika magunia, kuyafunga mdomo, kuyapanga mahali penye utelezi na kuyashindilia, ili gari lipite msimu wa mvua. Mapato ya wakulima wapatao 2,500 yaliongezeka maradufu katika miaka miwili hivi. Mwaka 2013, katika mkutano wa TICAD wa Yokohama, Japani ikaahidi kuueneza mtindo huo katika nchi nyingine za Afrika. Yote hayo ni kweli, na ni mema. Lakini mkutano huo ulifanywa Juni, miezi mitano tu baada ya Wajapani kumi kuuawa na magaidi katika mtambo wa gesi wa In Amenas, Algeria. Na Februari 2015 serikali ya Japani ikaandika waziwazi katika mwongozo wake mpya wa misaada kwamba ushirikiano wa maendeleo ni chombo cha kulinda maslahi ya taifa la Japani. Wao wenyewe wameliandika, wakalitangaza, kwa lugha zaidi ya moja. Sisi ndio tunaokataa kuwasadiki, tukidhani tunawaheshimu. Kwa fikira zangu mkulima wa SHEP yuko salama zaidi akijua kwamba mwalimu wake anayo haja, kwa kuwa ihsani huchoka, na haja hudumu maadamu sababu yake inadumu. Ajuaye sababu aweza kujiandaa siku itakapoondoka, na mkulima wa pareto hakujua.

Niseme kidogo juu ya Probox, kwa kuwa haiwezekani kuandika juu ya Japani na Kisii bila gari hilo. Toyota ililitengeneza kwa dereva na abiria wanne na mizigo yao. Katika Japani gari likizeeka hulazimika kupita ukaguzi wa usalama ulio ghali, hata mwenye gari huona afadhali aliuze. Nalo hupanda meli, likateremshwa Mombasa, na baada ya muda si mrefu utaliona Kisii mjini, kwenye stendi ya magari ya Ogembo, abiria mmoja amekaa kiti kimoja na dereva, wanne au watano wamebanana nyuma, wengine wamekunjwa mahali pa mizigo pamoja na kuku na debe la parachichi. Siasa ya Japani ya kuepuka hatari barabarani ndiyo iliyotuletea gari lenyewe. Mtengenezaji alihesabu breki, uzito na mikanda; sisi tukaifuta hesabu yake kwa haraka ya nauli. Huu si mzaha wangu pekee: ndivyo tunavyopokea kila kitu kitokacho huko, tunachukua chombo na kuacha hesabu iliyokizaa.

Najua wako wengine watakaoyafurahia niliyoyasema kwa sababu isiyo yangu. Hao husema kwamba msaada wote ni hila, kwamba Mjapani na Mchina na Mmarekani ni wamoja, na kwamba tufunge mlango. Kauli yao ni pacha wa ile ninayoipinga, kwa kuwa zote mbili humwondolea msemaji taabu ya kusoma mkataba: mmoja hausomi kwa mapenzi, mwenziwe hausomi kwa chuki. Mjapani ambaye analinda njia ya mafuta yake anailinda na njia ya chai yetu, na hilo ni jambo la kufanyia biashara kwa uso mkavu, wala si la kushukuru kwa machozi au kulikataa kwa kelele.

Agosti 2025, huko Yokohama, Kenya ilikubaliana na Japani mkopo wa yeni bilioni 25 kwa ajili ya uundaji wa magari na njia za umeme, nao umedhaminiwa na NEXI, shirika la serikali ya Japani la bima ya biashara ya nje. Tazama basi: mkopeshaji amekwisha kuikatia bima hatari ya kwamba sisi hatutalipa. Ya kwamba yeni itapanda juu ya shilingi tukalipa zaidi ya tulichokopa, hiyo ni yetu, na sijamsikia mwanasiasa wa Gusii akiuliza nani ameikatia bima. Kifungu cha 211 cha Katiba ya Kenya chasema kwamba Bunge la Taifa au Seneti likipitisha azimio la kutaka habari za mkopo fulani, Waziri wa Fedha atazileta mbele ya kamati katika muda wa siku 7. Kisii ina wabunge 9 wa majimbo, Nyamira ina 4, na kila kaunti ina mwakilishi wa wanawake na seneta wake. Azimio kama hilo halihitaji harambee wala safari ya Yokohama. Lahitaji mmoja wao asimame aliombe, na wenzake wamwunge mkono. Basi ninyi wasomaji wangu wa Kisii na Nyamira, mkikutana na mbunge wenu Keroka au Daraja Mbili, msimwombe mchango kabla hamjamwuliza habari za mkopo huo.